Seti ya Jumapili

Wamalwa alikataa kuingia katika gereji yake mwenyewe. Alisimama mlangoni na pingu zake, akiangalia magurudumu manne ambayo Koplo Kemboi alikuwa ameyashusha kutoka kwenye pikapu ya polisi na kuyapanga sakafuni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa mochari kutambua ndugu.

"Madam, hizo sitaki kushika."

"Utashika," Inspekta Sumeya Harun alimjibu. "Ingia."

Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi, na mtaa wa Bondeni, Nakuru, ulikuwa bado unapiga miayo. Sumeya alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Alimjua Wamalwa tangu yeye yuko darasa la sita na baba yake akimletea Datsun isiyopona. Hakuwa amewahi kumwona mzee huyu akitetemeka. Na kama angekuwa mkweli, yeye mwenyewe hakuwa sawa. Hata chai ya asubuhi ilikuwa imemshinda.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili iliyopita, Kipngeno, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa akiizungusha Subaru yake katika kiwanja cha ndege kilichoachwa nyuma ya Rongai, mahali vijana wa magari hushindana na saa. Kwenye kona ya mwisho gurudumu la mbele kushoto lilichomoka. Gari lilibingirika mara nne. Sumeya alikuwa ametazama ile video mara kumi na moja, na kila mara alijikuta ameshikilia meza.

Ripoti ya wakaguzi ilikuwa kurasa mbili: tairi zilikuwa pana kupita kiasi, zikasugua, nati zikalegea, fundi alizembea. Fundi ni Wamalwa, na siku iliyofuata akawekwa ndani. Kesi ingeishia hapo, kila mtu aende nyumbani, lakini jana jioni simu ya Sumeya ililia. Alikuwa Akoth, mwanamke mwenye duka la dawa za mifugo kule Molo, mmoja wa kikundi cha Kipngeno.

"Madam, kuna kitu nataka kukuambia kuhusu yule utingo aligongwa Salgaa mwezi wa pili, gari ikatoroka," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa simu siwezi. Kesho saa tano nitakuwa kwako." Halafu, kabla ya kukata, akaongeza: "Na ile seti iliyomuua Kipngeno. Hiyo Jumapili ilikuwa zamu yangu. Alinisihi nimpatie, mama yake alikuwa anakuja kumwangalia mara ya kwanza."

Sumeya alilala macho wazi. Kulipokucha alikwenda kumtoa Wamalwa selo.

"Nieleze hii seti kama mtu ambaye hajui kitu," alimwambia sasa, akimfungua pingu.

Wamalwa alijisugua vifundo vya mikono. "Wako sita, wote gari ni moja, rangi tu ndiyo tofauti. Tairi za kukimbiza hazifai barabarani. Mvua ikinyesha zinateleza, na zinaisha haraka. Kwa hivyo wakachanga wakanunua seti moja ya wote sita. Kila Jumapili wanapiga kura ya wiki inayofuata, na mwenye zamu anafungiwa. Jioni inatolewa, inarudishwa kwa Odongo. Yeye ndiye sekretari wao. Anaziweka store yake Salgaa, pale kwa lodge."

"Saizi alichagua nani?"

"Mimi." Alisema kama anayekiri. "Vijana walitaka rimu za inchi kumi na nane, eti picha inatoka poa. Nikawaambia, hii gari kesho Jumatatu inaenda kazi, inapita mashimo yenu haya. Rimu ikiwa kubwa mpira unabaki mwembamba, shimo moja tu rimu imepinda. Kumi na saba inatosha. Ni nyepesi, breki inaingia vizuri, na mpira unabaki na nyama. Basi zote nikaweka kumi na saba, za barabarani na za Jumapili, mtindo ule ule mmoja."

"Na upana?"

"Ya kiwanda ni mia mbili ishirini na tano. Nikaweka mia mbili arobaini na tano ndio ishike kona. Sentimita mbili tu."

"Ripoti inasema hizo sentimita mbili ndizo zilizoua."

Hapo Wamalwa alisahau kuogopa. Aliinama, akaligeuza gurudumu la kwanza ndani nje kwa mguu. "Kama ilisugua, nionyeshe. Tairi ikisugua chuma inang'aa kama kiatu cha askari. Nionyeshe, madam!"

Sumeya alipiga magoti na tochi. Ubavu wa ndani wa tairi ulikuwa na vumbi la kawaida. Maandishi ya kiwandani yalisomeka herufi kwa herufi, na vile vinywele vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo vilikuwa bado vimesimama. Aliangalia la pili, la tatu, na la nne, lile lililochomoka. Lilikuwa limepasuka upande wa nje, lakini ndani vinywele vilikuwepo. Hakuna kilichosugua chochote. Mtu aliyeandika ripoti hakuinama.

"Ulikaza nati?"

"Nilikaza."

"Ulipima rimu kabla ya kufunga?"

Wamalwa aligeuza uso. Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika vizuri sana.

"Wamalwa."

"Mimi hupima kila rimu inayoingia hapa," alisema polepole. "Hata ya mchungaji. Lakini seti ya Jumapili haipimwi, madam. Imezunguka gari zote sita, nimeifunga zaidi ya mara kumi. Ukionekana unaipima, ni kama unamwambia aliyekuwa nayo jana ni mwizi. Hatupimi."

"Siku ile hukuhisi kitu? Chochote."

Alifikiri, na Sumeya aliona kitu kikipita usoni mwake na kujificha. "Moja ilikataa kidogo. Nati mbili hazikutaka kuanza. Nikadhani ni rangi. Odongo alikuwa amezipiga rangi mpya wiki hiyo, na rangi ikiingia kwa matundu inabana. Nikashika mashine ya upepo, nikavuta. Zikaingia."

Kwenye benchi lake Wamalwa alikuwa na kitovu cha gurudumu la Subaru, kizee, kimefungwa kwa bolti kikiangalia juu na misumari yake mitano ya kushikia nati. Ndicho kipimo chake. Sumeya alikionyesha kwa kidole, na Kemboi akainua gurudumu la kwanza. Lilidondoka likakaa. La pili vivyo hivyo. La tatu pia.

La nne lilisimama juu ya misumari. Kemboi alilisukuma. Alilizungusha tundu moja mbele, akasukuma tena kwa uzito wake wote, likakwama.

"Kwangua hapo nyuma," Wamalwa alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyuma ya mkono wa rimu. Hapo ndipo wanaandika."

Sumeya alikwangua rangi ya kahawia kwa kisu cha Kemboi. Kwenye rimu tatu za kwanza nambari ilitokea: mia moja kumi na nne, nukta tatu. Kwenye ya nne ilitokea mia moja kumi na mbili.

"Hiyo ni duara la matundu ya nati," Wamalwa alisema. "Hii ni ya gari za Kijerumani. Mtindo ni huo huo, upana ni huo huo. Matundu ndio tofauti."

"Milimita mbili?" Kemboi alicheka bila furaha. "Milimita mbili zinaua mtu?"

"Nati inashika upande mmoja, boss. Ukienda dukani husikii kitu. Ukikimbia, ukipiga breki, chuma kinapata moto, inaanza kujifungua. Moja, halafu ya pili. Utasikia usukani unatetemeka, useme ni barabara mbaya."

Sumeya alisimama. Huu haukuwa uzembe wa fundi. Mtu alikuwa ameitafuta rimu inayofanana, akaipaka rangi moja na wenzake, akaichomeka katika seti ambayo alijua haipimwi, katika wiki ambayo kura ilimwangukia Akoth.

"Rimu hii ilitoka wapi?"

Wamalwa aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Fundi, nimekuuliza."

"Kwangu," alinong'ona. "Odongo alizichukua mwezi uliopita. Alisema ni za gari ya shemeji yake."

"Mbona hukusema wiki yote hii?"

"Ningesema imetoka kwangu, si mngenifunga milele?"

Ndivyo wangefanya, na Sumeya alilijua hilo. Lakini neno moja lilikuwa limemchoma. "Umesema *alizichukua*. Zilikuwa ngapi?"

"Mbili, madam."

Rimu moja ilikuwa hapa benchini. Akatoa simu mfukoni kumpigia Akoth, na hapo ndipo alipoona ujumbe ulioingia wakati akiwa chini na tochi.

*Madam natoka Molo saa hii. Odongo alinifungia jana usiku zile rimu zake mzuri coz zangu zimeisha tairi na Wamalwa mko naye. Tuonane.*

Aliusoma mara mbili. Walikuwa wamemfungia fundi, wakamwachia muuaji spana.

"Kemboi, gari! Wewe pia, Wamalwa. Ingia, ingia!"

Simu ya Akoth iliita hadi ikakatika. Walipita Ngata, ikaita tena ikakatika. Askari wa barabarani waliokuwa karibu walikuwa Mau Summit kwenye ajali ya trela, na wakasema watakuja wakimaliza. Kemboi alikuwa anapita malori kwa upande usiofaa, na Sumeya hakumkemea. Alikuwa akiwaza njia ya kutoka Molo. Mwanzo ni tambarare, mtu anaweza kwenda na kuongea. Halafu Sachangwan, mteremko mrefu unaoishia Salgaa, matrela mbele na matrela nyuma, na mguu hauwezi kutoka kwenye breki. Kila dereva wa Nakuru amewahi kuona kitu kimefunikwa na blanketi pale.

"Unaogopa, madam," Kemboi alisema.

"Sana," alisema Sumeya. "Endesha."

Walikuwa wanaingia Salgaa simu ilipopokelewa.

"Madam, pole, simu ilikuwa kwa kiti ya nyuma." Sauti ya Akoth ilikuwa nyepesi, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa injini. "Odongo alikataa nishike, ati tuongee kwanza."

"Odongo yuko na wewe ndani ya gari?"

Alijikuta akiomba jibu liwe ndiyo. Kama Odongo amekaa pale, basi gari ni zima, maana mtu yule hakuwa wa kujiua.

"Alikuwa. Ndiye ameendesha kutoka Molo. Na leo ameendesha pole, madam, Odongo yule! Mpaka nikamcheka. Ameshuka hapo juu kwa petrol station, gari yake aliiacha hapo asubuhi akaja kwangu na matatu. Amesema atanifuata."

Kemboi aliongeza mwendo. Wamalwa alifunika mdomo.

"Akoth, uko wapi sasa hivi?"

"Nimeanza kushuka. Kwani ni nini?"

"Usukani unatetemeka?"

"Kidogo. Barabara ni mbaya hapa."

Sumeya alijua kwamba akisema neno lisilofaa, mwanamke huyu angeshtuka, na akishtuka angekanyaga breki kwa nguvu zote. Aliibonyeza simu itoe sauti, akainyosha kwa Wamalwa. Yule mzee aliitazama kama inauma. Halafu akaishika kwa mikono miwili.

"Mathe Akoth, ni mimi Wamalwa."

"Wamalwa? Wamekuachilia?"

"Nisikize vizuri. Rimu ya mbele haijakaa. Usikanyage breki. Umesikia? Toa mguu kwa mafuta. Mikono yote miwili kwa usukani, iweke straight, usikate kona ya ghafla."

"Wamalwa, nyuma yangu kuna trela."

"Iache ipige honi. Weka taa za hatari. Uko gia gani?"

"Ya nne." Sauti haikuwa nyepesi tena. "Wamalwa, inatetemeka sana. Inatetemeka sana!"

"Ya tatu, taratibu. Usiachilie klachi haraka. Sasa angalia kushoto, kuna mahali udongo unapanda?"

"Kuna wamama wanauza viazi. Mbele yao kuna nafasi."

"Peleka hapo. Ya pili sasa. Acha udongo ukushike wenyewe."

Honi ndefu ilisikika, ikapita, ikafuatwa na kitu kikigonga chuma, mara moja, mara mbili, haraka haraka. Akoth alipiga kelele. Halafu kokoto zikakwaruza. Halafu hakukuwa na sauti.

Sumeya alihesabu nguzo za umeme dirishani kwa sababu hakujua afanye nini. Alifika nguzo ya saba.

"Nimesimama," Akoth alisema. Alikuwa analia. "Nimesimama. Woi, mama."

"Shuka uangalie nati za kushoto," alisema Wamalwa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Ngapi ziko?"

Mlango ulifunguka. Upepo ulivuma kwenye simu.

"Mbili. Moja nimeishika kwa mkono ikatoka."

Kemboi alipiga usukani kwa kiganja na kucheka, na Wamalwa akaegemea kiti, akafumba macho. Sumeya peke yake hakutulia. Alikuwa amekumbuka Odongo yuko wapi.

"Akoth, nenda ukae na wale wamama. Katikati yao. Usikate simu, itie mfukoni. Ukiulizwa—"

"Madam," Akoth alimkatiza, na sauti ilikuwa imeshuka hadi ikawa pumzi. "Gari yake imesimama nyuma yangu."

Hatua zilisikika juu ya kokoto, hatua za mtu asiye na haraka. Halafu sauti ya mwanamume, ya upole. Mtu mwingine yeyote angeuliza umeumia, au kumetendeka nini.

"Mbona umesimama?" Odongo aliuliza.

Pikapu ilikuwa imeanza kupanda mlima. Mbele yao kulikuwa na lori la mbao lililokuwa linatambaa, na upande wa pili malori yalikuwa yanashuka bila nafasi. Sumeya alikuwa ameuma kidole bila kujua.

"Nanunua viazi," Akoth alisema.

"Viazi?"

"Za kupelekea dada yangu. Mama, debe ni ngapi?"

Ikawa ni bahati ya Mungu na ya biashara. Wauzaji walisikia neno debe, na sauti kama tano za wanawake zikalipuka pamoja. Customer kuja huku, customer hizi ni za leo, customer mwache huyo zake zimeoza. Sauti ya Odongo ilizama ndani yao. Ilisikika mara moja tu, ikisema basi nunua, wacha niangalie hii gurudumu, naona kama inatoka upepo.

"Pita hilo lori, Kemboi," Sumeya alisema.

"Madam, hakuna nafasi."

"Pita."

Kemboi alipita. Wamalwa alisali kwa Kibukusu hadi walipofika upande wa pili.

Waliliona gari la Akoth, la buluu, baada ya kona ya tatu. Akoth alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, wanawake wamemzunguka, mfuko wa viazi mapajani ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Hatua kumi kutoka kwake Odongo alikuwa amepiga magoti, jeki iko chini ya gari, buti la gari lake liko wazi. Gurudumu la kushoto alikuwa ameshalitoa na kulilaza kwenye nyasi. Lingine, la rangi ile ile, alikuwa analiinua kulifunga.

Alikuwa mwanamume nadhifu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi. Alipoona pikapu ya polisi hakukimbia. Alitabasamu.

"Afande, karibuni. Ni pancha tu. Namsaidia dada."

Sumeya alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu lililolala. Wamalwa alilibonyeza kwa kidole gumba.

"Imejaa upepo," alisema. "Hakuna pancha hapa."

Sumeya alikwangua nyuma ya mkono wa rimu. Rangi ilikuwa bado laini, ilitoka kwa ukucha. Mia moja kumi na mbili. Halafu akamwendea Odongo, ambaye alikuwa bado amekumbatia gurudumu lingine kwa sababu hakujua aliweke wapi, akakwangua lile pia.

"Mia moja kumi na nne," alisoma kwa sauti. "Hii yako ilikuwa inafanya nini kwa buti, Odongo? Si umemwazima seti nzima?"

Tabasamu la Odongo lilizimika. Aliwatazama wale wanawake wa viazi, kisha akamtazama Akoth kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kemboi alisimama katikati yao, akamgeuza, akamfunga mikono nyuma.

Akoth hakuuliza anapelekwa wapi. Alibaki juu ya debe lake, na Sumeya alipochuchumaa mbele yake aliona meno yakigongana, ingawa jua lilikuwa kali.

"Amekwenda," Sumeya alimwambia. "Umeshapona, mamangu. Imeisha."

"Haijaisha." Akoth alitikisa kichwa. "Ile usiku ya Salgaa, nilikuwa ndani ya gari. Nilikaa kando yake. Tuligonga kitu, akaniambia ni mbuzi. Nikasema sawa, ni mbuzi. Miezi mitano nimesema ni mbuzi. Wiki mbili zilizopita nikamwambia nimechoka, nitaenda polisi. Hiyo ndiyo wiki alipiga rangi rimu." Aliinua macho. "Madam, ningekuja mwezi wa pili, Kipngeno angekuwa hai?"

Sumeya alitafuta jibu jingine, jibu ambalo mtu anaweza kulala nalo. Wamalwa alikuwa amesimama karibu, akitazama chini.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Alifungua daftari juu ya goti. Aliandika tarehe. "Ulijua lini kwamba haikuwa mbuzi?"

"Saa ile ile," Akoth alisema. "Niligeuka nyuma nikaona viatu vya gambuti barabarani."